Nataka kufunga siku 21 mlimani nimsogelee Mungu. Naombeni mwongozo wa kujiandaa

Msafiri wa Kanaani (mleta mada)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nimeokoka kitambo na kanisani natumika, ila maombi yangu yamekauka. Napiga magoti, dakika tano maneno yameisha, nabaki kurudia yale yale. Neno nalisoma, haliniingii. Wenzangu wakisimama kushuhudia kwamba Mungu kasema nao, naitikia Amina huku moyoni najiuliza mbona mimi hanisemeshi.

Halafu siku hizi nashtuka saa tisa usiku jasho limenitoka, shuka imelowa, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Mtumishi mmoja kaniambia huo ni wito, naamshwa niombe. Basi naamka, lakini kichwa kizito, hata sentensi moja haikai sawa.

Kuna kambi ya maombi mlimani inaanza Jumatatu. Siku saba za kwanza ni mfungo mkavu, bila chakula wala maji, 14 zinazobaki ni maji tu. Wazoefu nisaidieni: najiandaaje, na nikimaliza nifungue kwa chakula gani?

Mama Kwaya
Amina mpendwa, kiu uliyo nayo ni njema. Kufungua mfungo mrefu ndiko watu wanakoumia. Mtu anashuka mlimani anakaribishwa na sahani ya pilau, usiku anapelekwa hospitali. Mwili uliokaa bila chakula ukijazwa wanga kwa ghafla, chumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Anza na uji mwepesi nusu kikombe kila baada ya saa mbili tatu, halafu ndizi au viazi vya kupondwa. Nyama na mafuta vingoje siku kadhaa. Mfungo wa wiki mbili tatu haufai kufunguliwa bila mtaalamu wa afya karibu.

Nyundo
Kambi inatoza shilingi ngapi? Na nani anasaini mtu akizimia huko juu?

Katekista Mkongwe
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi najibu la ukavu, maana ndilo lililokuleta hapa. Mlima ni njia tu uliyochagua.

Maombi yanakauka kwa sababu za kawaida sana. Mtu anaomba kwa kichwa chake peke yake, hana andiko mkononi, kwa hiyo akiba inaisha mapema. Anaomba mahitaji tu. Simu iko pembeni. Leo anaomba saa kumi na moja alfajiri, kesho saa nne usiku amechoka.

Chukua dakika 20, saa ile ile, kiti kile kile, simu chumba kingine. Soma aya tano mpaka kumi za Injili, si zaidi. Soma mara ya kwanza kwa sauti. Mara ya pili polepole, usimame pale neno linapokugusa au linapokuudhi. Mara ya tatu ligeuze kuwa maneno yako kwa Bwana, umwambie ukweli wa jana yako kama ulivyo. Dakika tano za mwisho kaa kimya. Mawazo yatazurura, na yakizurura rudi kwenye lile neno bila kujigombeza. Andika mstari mmoja kwenye daftari, basi. Injili ya Marko ina sura 16, ukienda hivi inakutosha miezi.

Siku usizo na neno lolote tumia Zaburi. Ziko 150, tano kwa siku unazimaliza kwa mwezi. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata shukrani mwishoni, na bado imo kwenye Biblia. Aliyeiandika alikuwa anaomba.

Nesi Zamu ya Usiku
Mleta mada, kabla ya mambo ya uji: hilo jasho la saa tisa. Una ugonjwa wowote? Unatumia dawa yoyote? Na hii siku mbili tatu chakula cha jioni unakula?

Msafiri wa Kanaani
Afya yangu ni njema kwa neema ya Mungu. Jioni sili, nimeanza kujizoeza kidogo kidogo. Tusitoke kwenye mada jamani, mimi nimeuliza mambo ya kiroho.

Nesi Zamu ya Usiku
Nimeuliza maswali matatu, umejibu mawili. Dawa?

Mwana wa Uamsho
Wakati tunasubiri jibu, niseme neno kuhusu Gahini. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipowaka Rwanda miaka ya 1930, mahali penyewe palikuwa kituo cha misheni chenye hospitali, na mmoja wa waliokuwa katikati yake alikuwa daktari, Joe Church. Mwaka 1929 alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Moto ukaenda Uganda, Burundi, Bukoba, mpaka Kenya, na wimbo wa Tukutendereza Yesu ukavuka mipaka na lugha.

Ndugu wale walishika jambo moja, kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Wiki kwa wiki walikaa pamoja, na kila mtu alisema alichoficha. Aliyeiba alirudisha. Mume aliyemdanganya mkewe alimwambia. Walifunga pia, lakini kilichovunja ukavu kilikuwa kusema kweli mbele ya watu wanaokujua. Kama kuna kitu unakizunguka, anzia hapo.

Msafiri wa Kanaani
Sawa. Nina kisukari, aina ya kwanza. Nachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Sikusema kwa sababu nilijua mkisikia hivyo mtaacha swali langu mshike la kwenu.

Nimeshaamua siku zile 21 nisichome. Nimelifikiria vizuri, si papara. Kama sili, sukari itatoka wapi? Musa alikaa siku 40, Esta na watu wake siku tatu kavu. Na nikimwamini Mungu kwa wokovu, nikatae kumwamini kwa sindano? Mchango wa kambi nimelipa, fomu nimejaza kwamba sina ugonjwa, mama nimemwambia naenda semina. Naomba mnishauri namna ya kufanya vizuri, la kuacha au kutoacha limeshapita.

Nesi Zamu ya Usiku
Halijapita, leo ni Alhamisi.

Sukari inatoka kwenye ini lako. Usipokula, ini linamwaga sukari kwenye damu kutwa kucha, na insulini ndiyo inayoliambia inatosha na kuiingiza hiyo sukari kwenye seli. Mwenye aina ya kwanza asipochoma kabisa, seli zina njaa katikati ya sukari, mwili unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yale yanazaa asidi inayoitwa ketoni. Siku moja au mbili zinatosha. Utaanza kwa kiu na kukojoa mara kwa mara, halafu kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito za haraka, mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva sana, mwisho usingizi usioamka. Sasa ongeza kwamba maji ni marufuku siku saba. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anaweza kuharibu figo kwa mfungo huo. Wewe sikuoni ukimaliza siku ya tatu.

Na jasho la saa tisa: unachoma dozi ya jioni halafu huli. Ile ya mchanganyiko ina sehemu ya haraka inayodai chakula muda ule ule, na sehemu ya polepole inayoendelea kufanya kazi usiku. Jasho, moyo mbio, mikono kutetemeka, kichwa kizito kisichopanga sentensi, hizo ni dalili za sukari kushuka. Leo usiku ukishtuka, pima kabla ya kupiga magoti. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe yote. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kipande cha mkate au kiazi ili isishuke tena. Huna kipimo karibu, kunywa sukari hivyo hivyo, usisubiri uhakika.

Na kuanzia leo jioni ukichoma, kula. Usijipunguzie dozi kwa kubahatisha, peleka daftari la vipimo kliniki.

Debe la Nafaka
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Mtu wa insulini anafundishwa dalili za kushuka siku ya kwanza kliniki, leo aje kusema ni wito? Post ya juu "afya njema", ya chini aina ya kwanza. Ama ni mtu anatafuta maudhui ya ukurasa wake kuchafua makanisa, ama anaitangaza hiyo kambi. Ninyi mnaandika nondo, yeye ananakili.

Nyundo
Hata mimi nilihisi. Ndiyo maana bei ya kambi hajaijibu mpaka sasa.

Mama Kwaya
Kama ni kuchafua makanisa afute uzi. Kambi za maombi zimejenga watu wengi, na nyingi zina utaratibu mzuri, wagonjwa hawaruhusiwi kufunga. Msizitie zote kapu moja.

Nyundo
Utaratibu mzuri ni upi? Kambi yoyote ya siku nyingi iwe na maji, iwe na mtu wa huduma ya kwanza, iwe na gari au pikipiki inayofika juu usiku, na namba ya ndugu wa kila mtu kwenye fomu. Ikikosa maji, hayo mengine hayasaidii.

Debe la Nafaka
Mleta mada, swali dogo. Huko uliko kuna umeme? Insulini unaitunza wapi?

Msafiri wa Kanaani
Niko kijijini Singida, friji hatuna. Natumia vyungu viwili. Kikubwa kina mchanga, kidogo kimekaa ndani yake, mchanga naumwagia maji asubuhi na jioni. Kichupa nakifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, nakiweka kwenye kile kidogo, juu nafunika kitambaa kibichi. Vyungu vikae kivulini penye upepo, kwenye chumba kilichofungwa havipoi. Nikiona chembechembe zimeganda kwenye kioo hata baada ya kukiviringisha viganjani, kichupa hicho naacha kukitumia.

Dalili nazijua za mchana, nikichelewa kula shambani. Usiku ilikuwa haijawahi kunitokea. Na aliyeniambia ni wito ni mtu ninayemheshimu. Sitangazi kambi, ndiyo maana sijaitaja jina wala bei.

Nesi Zamu ya Usiku
Huyo anachoma insulini kweli. Debe, mtu akiwa usingizini ule mwanzo wa kushuka haumwamshi, anaamka imeshafika mbali na akili imekwisha kupungua. Wengi hawaitambui mara ya kwanza.

Debe la Nafaka
Nimeelewa. Samahani mkuu.

Katekista Mkongwe
Turudi kwa Musa basi. Kutoka 34:28 inasema hakula wala hakunywa siku 40, akiwa mbele za Bwana mwenyewe. Hakuna mahali wana wa Israeli walipoagizwa wamwige. Kuhusu Bwana wetu alipofunga siku 40 jangwani, Injili zinasema aliona njaa, kiu haikutajwa.

Soma badala yake 1 Wafalme 19. Eliya amekata tamaa, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika anamgusa na kumwambia ainuke ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala, anaguswa mara ya pili, anakula tena, kwa sababu safari ni kubwa kwake. Zile siku 40 za kwenda Horebu zinakuja baada ya kula, na huko ndiko anakosikia ile sauti ndogo tulivu. Mungu alianza na tumbo la mtumishi wake.

Kwetu Wakatoliki siku za lazima kufunga ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 mpaka kutimiza 59: mlo mmoja kamili na vitafunio viwili vidogo. Wagonjwa wameachiliwa. Danieli 10 wiki tatu nzima aliacha chakula kitamu, nyama na divai, na huo ulihesabiwa. Kwako wewe mfungo unaweza kuwa simu, redio, soga za jioni, au nyama kama kliniki wakikubali.

Msafiri wa Kanaani
Nimewasoma wote. Lakini nikienda bila kufunga, wenzangu watanionaje? Na mchango haurudishwi. Nilikuwa nafikiria nichome nusu dozi halafu nifunge siku saba tu.

Nesi Zamu ya Usiku
Hapana. Nusu dozi bila mlo inaweza kukushusha usiku, na ikiwa haitoshi unarudi kwenye ketoni. Dozi inapangwa na aliyekuandikia, akiwa na vipimo vyako mbele yake. Kliniki yako ni lini?

Msafiri wa Kanaani
Jumatano.

Mwana wa Uamsho
Ndugu, umemwambia mama semina, fomu ya kambi umeandika huna ugonjwa, hapa ulituambia afya njema. Ulilia mwanzoni kwamba Mungu hasemi nawe. Mpigie katibu wa kambi leo, umwambie ulichoandika si kweli. Halafu mama. Sentensi mbili kwa kila mmoja, usijitetee.

Msafiri wa Kanaani
Nimempigia katibu. Kanyamaza kidogo, kasema nisipande bila barua ya daktari, na kama nikipanda nitakuwa jikoni na wanaohudumia. Kuhusu mchango kasema tutaongea. Mama bado yuko shamba.

Usiku nilishtuka tena. Nimepima, 2.9. Nikanywa sukari kama ulivyosema mama Nesi, baada ya robo saa ikawa 4.6, nikala kiazi. Shikamoo mama, na asante.

Nesi Zamu ya Usiku
Marahaba mwanangu. 2.9 usiisubirishe Jumatano, nenda leo kituo cha afya na daftari lako. Waambie dozi ya jioni, saa unayochoma, na kwamba ulikuwa huli. Mama akirudi mwonyeshe sukari inakaa wapi na akoroge vipi. Ila akikukuta huamki au huwezi kumeza, asikumiminie kitu mdomoni, akulaze ubavu na kuita gari.

Katekista Mkongwe
Na Jumatatu asubuhi wenzako wakipanda, wewe kunywa chai na chakula chako, kaa kwenye kiti chako.

Msafiri wa Kanaani
Nianze na Marko sura ya kwanza yote?

Katekista Mkongwe
Marko 1:35 mpaka 39. Mara tatu, ya kwanza kwa sauti.