Koki za nyumba ya kupanga Chukwani: nani anunue, na nzuri nitaijuaje?

Bi Mgeni, Chukwani

Assalaam aleykum jamani. Mimi mtu wa Mombasa, kazi ndiyo iliyonileta Unguja. Nashughulikia hesabu za hoteli moja huku shamba. Swali langu ni la mifereji. Maji yamenifika shingoni, na safari hii si fumbo.

Nimepanga ghorofa ya juu, vyumba viwili. Nilipohamia nyumba ilikuwa inameremeta: vigae vyeupe, sinki jipya, shawa pana kama sinia ya pilau. Hazikupita siku nyingi koki ya jikoni ikaanza kudondosha, usiku mtu hulali mpaka uamke kuweka kitambaa chini yake. Nikaita fundi. Akaja baada ya sala ya Ijumaa, akaifungua, akaguna, akazungusha ile tepu nyeupe mpaka uzi wa koki ukavimba, akakaza kwa spana refu huku akijiegemeza kwa mwili wote. "Tayari bibie." Sasa inavuja pawili: mdomoni, na pale inapoingia ukutani.

Bafuni ndiyo msiniulize. Kimpira cha kuchambia kilipasuka mimi niko kazini. Aliyenipa habari ni jirani wa chini, anapiga simu maji yanamchuruzikia kwenye televisheni. Niliporudi nikakitazama: wavu wake wa chuma wa nje umeota kutu, ukiushika unakatikakatika vidoleni. Kilikuwa kipya! Na ile shawa ya sinia, maji yanatoka kama hayataki. Unasimama chini yake na povu kichwani, unaomba dua.

Mwenye nyumba simsingizii, ni mtu mwema. Lakini kila nikimwambia, mwanawe huja na koki ileile, kutoka duka lilelile, Sh 12,000. Tunatoa kibovu, tunatia kibovu. Kwa nyanya yangu Mji wa Kale kuna mfereji wa shaba uani uliokuwapo kabla sijazaliwa, na kinachobadilishwa pale ni raba tu. Kwa hiyo msiniambie koki ndivyo zilivyo.

Ninachotaka kujua: mimi mpangaji ninunue koki nzuri kwa pesa zangu, nyumba ya watu? Na nikisimama dukani nitaijuaje? Zote zinang'aa, na muuzaji ukimuuliza zote ni "orijino".

Mpangaji Mwenzio, Fuoni

Pole sana dada. Mimi nishasalimu amri, nina ndoo na kata, naoga vizuri kuliko hao wenye shawa. Ila kabla hujailaani hiyo yako, tazama vile vitundu. Kama vina ukoko mweupe, hiyo ni chokaa ya maji. Fungua kichwa, kilaze kwenye siki usiku kucha, asubuhi kisugue na mswaki wa zamani. Yangu ilipata nafuu. Nafuu tu, siyo kupona.

Fundi Bomba, Mjini

Wa aleykum salaam bibie. Kazi hii naifanya tangu ujana wangu, nitasema ninayoyaona, wenzangu wanisamehe.

Koki kwanza. Ukiwa dukani igeuze, uchungulie ndani ya uzi na kwenye tundu la nyuma, pale ambapo ule mng'aro haukufika. Ukiona manjano, hiyo shaba. Ukiona kijivu, hiyo zinki iliyopakwa kromi, irudishe. Halafu ipime mkononi: ya shaba ina uzito wake. Wako watakaokwambia uende na sumaku. Sumaku hainati kwenye shaba wala kwenye zinki, itakukamatia chuma tu, kwa hiyo isikudanganye.

La pili, uliza ndani mna nini. Hizi za kisasa za kugeuza robo duara zina visahani viwili vya seramiki vinavyosuguana. Maji yakiwa safi, hazina mpinzani. Lakini matangi yetu mangapi yanasafishwa? Chini mna mchanga. Chembe moja ikipenya baina ya vile visahani imeshakwaruza, na hapo hakuna raba ya kubadilisha, inabadilishwa roho nzima, yaani kile kipande chenye visahani, na roho ya saizi hiyo utaizunguka madukani usiipate. Ndiyo maana jikoni mimi bado namfungia mtu koki ya kizamani, ya kuzungusha. Raba ikiisha unatia nyengine, kazi ya dakika kumi. Wateja huniambia mbaya. Mbaya, lakini haidondoshi.

Sasa hilo la ukutani ndilo linalonitia wasiwasi. Nyumba mpya nyingi zina bomba za PPR, za plastiki, zinazoungwa kwa moto. Pale koki inapoingilia pana uzi wa shaba uliofinyangwa ndani ya plastiki. Fundi akijaza tepu kisha akaning'inia kwenye spana, plastiki ile hupasuka ndani ya ukuta, na wewe utabadilisha koki mpaka uchoke. Tepu huzungushwa kiasi, tena kufuata upande wa kukazia, la sivyo inajivua yenyewe wakati unakaza. Kagua ukuta pande zote mbili. Rangi ikiwa imevimba au inamenyeka, usinunue koki bado.

Shawa yako pengine haina kosa. Maji ya tangi yanasukumwa na kimo tu. Mita 10 za kimo ndiyo baa 1 ya presha. Tangi liko juu ya paa, na wewe uko ghorofa ya juu. Likikuzidi mita 2 unapata baa 0.2. Mashawa hayo mapana yanataka zaidi ya hapo. Ama tangi liinuliwe, ama iwekwe pampu ndogo, ama ufunge kichwa kidogo chenye matundu machache, ndiyo rahisi. Lakini kuna na ubaya mwengine: bomba ya PPR ya milimita 20, mashine ya kuungia ikiwa nyuzijoto 260, inataka sekunde 5 tu kwenye moto. Kijana akichoma huku anazungumza na simu, plastiki huyeyukia ndani na kuziba njia. Hilo huwezi kuliona mpaka ukate bomba.

Mwenye Nyumba, Kwerekwe

Fundi kasema kweli, lakini na sisi tusemewe. Mimi nilifunga koki za bei nyumba nzima. Mpangaji alipohama, kahama nazo! Kaniachia za plastiki, na ufunguo kaupitisha chini ya mlango. Ndiyo mnatuona tunanunua za elfu kumi na mbili.

Bi Mgeni, yaandikeni. Mwambie unanunua ya shaba, risiti unampa, mnakatana kwenye kodi. Asipotaka, hiyo ni mali yako: ile yake itie kwenye mfuko uihifadhi, siku ya kuondoka irudishe pahala pake. Ujumbe wa simu unatosha kuwa ushahidi, ilimradi ajibu "sawa". Lakini bomba ya ndani ya ukuta ni ya mwenye nyumba, hilo usilipe hata senti.

Mpemba wa Wete

Hicho kimpira, ndugu yangu, kakila chumvi. Mimi nashughulika na vyombo vya baharini, naijua hiyo kutu. Chuma cha pua si kimoja. Kuna 304 na kuna 316. Hiyo 316 imetiwa molibdenamu na ndiyo inayovumilia chumvi. Hivyo vya bei ya chee havifiki hata hiyo 304. Chukua mpira wa plastiki wenye nyuzi ndani, usio na wavu wa chuma. Na ukimaliza haja zako funga kikoki cha ukutani, si kuachia tu kile cha mkononi. Mpira ukikaa na presha mchana kutwa utapasuka, hata uwe wa dhahabu.

Bi Mgeni, Chukwani

Ahsanteni nyote. Jana nilipitia Mwanakwerekwe. Muuzaji aliponiona nachungulia matundu ya koki akacheka, kisha bila kuulizwa akainama chini ya meza akatoa boksi jengine. Manjano ndani, nzito, ya kuzungusha, Sh 38,000. Kumbe zipo, wanazificha!

Sikuinunua lakini, maana usiku ule nilisogeza kabati chumbani. Ukuta wa jikoni kwa nyuma ndio ukuta wa chumba changu cha kulala. Rangi imetuna. Nikabonyeza kwa kidole, kikazama, plasta imekuwa tope. Mwenye nyumba kaja kaona, kakubali ukuta ni wake na koki tutakatana kwenye kodi. Hofu yake ni vigae vya jikoni, anasema vya rangi ile havipatikani tena.

Fundi Bomba, Mjini

Vigae visiguswe. Uzuri umeligundua kwa upande huo: fungueni kutoka chumbani. Kwanza fungeni maji ya tangi, kisha mchimbe taratibu kwa tindo, msitumie mashine, maana hamjui bomba imepita wapi. Kipande chenye uzi kikatwe, kichomwe kipya, koki ifungwe. Halafu maji yafunguliwe na ukuta uachwe wazi mpaka kesho yake, fundi apitishe karatasi kavu kwenye viungo. Ikitoka kavu ndiyo alipwe na plasta ipigwe. Akikwambia ana haraka, anataka kuziba siku ileile, mwite mwengine.