Muuzaji wa dawa za platinamu kanitia hasara, picha zote zimekuja rangi ya majivu

Wakuu habari zenu, mi zangu mbaya. Niko Uingereza huku, na hii kazi ya kusafisha picha kwa madini ya platinamu na paladiamu badala ya fedha ndo ilianzia hukuhuku, Mwingereza William Willis kaisajili ile ya platinamu tangu 1873, sasa unategemea wauzaji wao watakuwa wanajua wanachouza. Thubutu!

Nilikuwa na negativu ya bi mkubwa kajitanda kanga, nataka ile kahawia yenye wekundu kwa mbali. Nikaagiza seti nzima. Chupa ya developa, ile dawa ya kutoa sura kwenye karatasi, imeandikwa DEVELOPA, basi, hakuna kingine. Ya kwanza nikachanganya nusu platinamu nusu paladiamu, nikamwaga developa kwa mkupuo (hii haitaki kusitasita, ukikatisha tu unapata mstari katikati ya uso), sura ikachomoza papo hapo, safi kabisa, ila nyeusi ya kijivujivu, mama wa watu kawa kama tangazo la msiba.

Nikamwandikia muuzaji. Ongeza paladiamu ndo inaleta ukahawia, kasema. Nikaongeza, bado. Ongeza tena. Nikaenda paladiamu tupu, matone 6 na feriki oksaleti (dawa inayoshika mwanga) matone 6, kila karatasi hivyohivyo, na mnajua paladiamu bei yake sio ya maandazi. Ikasogea kidogo tu. Karatasi 8 zimekwenda!

Kumbe ndani ya chupa ni amoniamu sitreti, ambayo yenyewe ndo inavuta rangi iende kwenye ukijivu. Kakiri mwenyewe meseji ya nne, mstari mmoja, hata pole hamna. Mtu nimekwambia toka siku ya kwanza nataka kahawia, si ungeanza na developa, ambayo we mwenyewe ndo umenipakia??

Nikatafuta developa nyingine, potasiamu oksaleti, kwa muuzaji mwingine, nikaipasha hadi digrii 50 (glavu vaeni, ile ni sumu), paladiamu ileile, karatasi ileile, negativu ileile. Bi mkubwa katoka na rangi yake, hadi mikunjo ya kanga imeiva. Na hiyo potasiamu oksaleti ukishaitumia haitupwi, unachuja unarudisha chupani, unakaa nayo miaka.

Hela ya zile karatasi 8 namdai. Eti seti ikishafunguliwa hairudishwi, sasa chupa haina jina, kilichomo ningekijuaje bila kufungua?