Tupeane uzoefu: ulimpataje babu yako mtandaoni?

Mjukuu wa Mpiga Mizinga

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wale waliotafuta ukoo wao mtandaoni wakapata kitu, hata kama ni mstari mmoja. Naanza mimi.

Kwetu tumekua tukiambiwa kwamba kaka yake babu alichukuliwa vita ya Hitla "akapotelea Bama", yaani Burma, Myanmar ya leo. Basi, habari inaishia hapo. Kaburi hakuna, barua hakuna, anatajwa tu kwenye dua pamoja na marehemu wengine. Mwaka jana nikaingia tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, ile tume inayotunza makaburi na kumbukumbu za wanajeshi wa Uingereza na makoloni yake. Kutafuta ni bure. Nikaandika "Athumani". Wakaja Athumani wa kujaza basi zima, wa kwetu hayumo. Nikasusa miezi mitatu.

Aliyenikwamua ni shangazi. Siku moja anachambua mchele, akasema tu, bila hata kuniangalia: "Yule si alikuwa wa mizinga? Wazee walisema meli yao ilizama." Nikashtuka. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kututajia meli.

Meli yenyewe ni Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi, wakafa watu 1,297. Nikarudi kwenye tovuti, safari hii kisanduku cha jina nikakiacha kitupu. Nikajaza tarehe ya kifo na kikosi, East African Artillery. Ikaja orodha, nikaisoma jina kwa jina mpaka adhana ya alfajiri. Yumo. Kaandikwa "Asumani", na jina la baba yake limepindapinda jinsi karani alivyolisikia, lakini ukilitamka kwa sauti ni lenyewe. Bama hakuwahi kuiona.

Nyie wenzangu mlipitia wapi?

Mdawida wa Mjini

Pole na hongera, ndugu. Mimi ni Mtaita, naishi Nairobi. Yangu niliyapata kwenye Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambalo watu hudhani ni la mawakili tu. Matoleo mengi ya zamani yako Google Books, unayasoma bure na unatafuta neno humo humo. Nenda kwenye matangazo ya mirathi. Yanataja marehemu, alikotoka, alikofia na tarehe, kisha waombaji na uhusiano wao na marehemu. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo tamu.

Nilikuwa natafuta tarehe tu ya kifo cha babu, maana tulikuwa na shida ya hati ya shamba. Nikaipata. Chini yake, mwombaji wa kwanza: mjane wa marehemu. Jina si la nyanya. Nikasoma tena. Mwombaji wa pili: mwana wa marehemu, na yeye simjui. Nikampigia baba. Akanyamaza kitambo, halafu akauliza, "Hiyo iko kwa intaneti?" Alikuwa anajua siku zote! Huyo mwana sasa ni mzee, namwita baba mdogo, na Desemba tulikula naye Wundanyi. Ya shamba bado tunaongea.

Kihamba

Mimi ni wa Machame. Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na walipenda kamera kuliko tunavyodhani. Picha zao nyingi ziko kwenye hifadhi ya picha za wamisionari ya University of Southern California, zinaonekana bure. Siri ni moja: andika Kijerumani chao cha zamani. Machame jaribu "Madschame", Moshi "Moschi", Wachaga "Dschagga". Niliandika Machame yetu nikapata vichache, nikaandika ya kwao zikafunguka kurasa.

Shida ni kwamba Mzungu ametajwa jina na cheo, wetu ni "mwalimu na mkewe", imetoka hiyo. Nikazipakua kama arobaini kwenye tableti nikampelekea bibi, ana miaka 91. Alikuwa anazipitisha kama mtu anayehesabu noti. Kwenye moja akasimama, akaikuza kwa vidole viwili (nani alimfundisha sijui), akaniambia niangalie sikio. Sikio la kushoto limekunjika juu. La baba yangu liko hivyo, na langu. Sina ushahidi mwingine na siutafuti.

Kapuku Mtafiti

Mimi nilipigwa. Tovuti moja ya kulipia kwa dola, siitaji, ikawa inaniletea "huyu huenda ni ndugu yako", nami nabonyeza kubali, kubali. Mwezi wa pili nina mababu Alabama. Sisi ni wa Kondoa. Watu wanakopiana miti ya ukoo kama wanafunzi wa mtihani, kosa la mmoja linakuwa la mia. Anzeni na vya bure.

Na wenye wapagazi wa vita ya kwanza, msitarajie makubwa. Wa Carrier Corps wengi majina yao hayakuwekwa popote kwenye kumbukumbu. Tume hiyo aliyoitaja mleta uzi ilikiri na kuomba radhi mwaka 2021.

Bint Mkunazini

Nawasalimu kutoka Maskati. FamilySearch ni ya bure na rekodi zake ni nyingi, lakini wajue Waislamu wenzangu kwamba ni ya kanisa la Mormoni, ambao wana ibada ya kubatiza kwa niaba ya waliokufa. Mimi husoma, majina ya wazee wangu siweki. Kila mtu na moyo wake.

Kwetu kilichofaa ni kundi la WhatsApp la ukoo. Bi mkubwa hawezi kuandika, basi hutuma sauti, dakika saba saba, kuku wanasikika nyuma. Mwanangu anaziandika daftarini. Bibi yake mzaa bibi alikuwa Mmanyema, wa mashariki ya Kongo, aliletwa Unguja mdogo. Jina la kwao hakuna anayelijua, na mtandaoni sijaliona popote.

Mjukuu wa Mpiga Mizinga

Nimesoma zote. @Mdawida, jina la mzee wetu limo kwenye mnara wa East Africa Memorial, makaburi ya vita ya Ngong Road. Shangazi anaomba picha, nami nauli ya Nairobi kwa sasa sina.

Mdawida wa Mjini

Jumamosi nitafika. Nitumie namba ya safu, na jina lilivyoandikwa huko, usinitumie la nyumbani.