Kwa nini mkono wangu huwaiga wateja wa kwetu na kuwaacha wengine?

Mzawa wa Nansio

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, na kwa miaka sita sasa ninauza nyavu, kamba na maboya katika duka lililo karibu na mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Wiki iliyopita alifika mzee mmoja kutoka Nansio, ambaye kila alipotaja bei alijikuna kisogo, nami nikiwa nampimia kamba pima kwa pima. Kijana ninayefanya naye kazi akatokea nyuma ya marobota na kuniuliza kwa sauti kwa nini ninamdhihaki mzee wa watu, kwani kila mara mzee alipopeleka mkono kisogoni, na mimi nilipeleka wangu, huku kamba ikining'inia kwenye mkono wa pili. Naapa sikuwa na habari. Mzee alicheka tu, lakini mimi niliona haya.

Tangu hapo nimemwomba kijana huyo anitazame. Anasema kwamba ninawaiga wateja wa kwetu visiwani, ilhali mchuuzi wa kutoka bara anaweza kujishika sikio mara kumi na mikono yangu ikabaki kwenye kamba. Je, jambo hili linajulikana, au nina ubaguzi ambao mwenyewe siujui?

Mwalimu wa Igoma

Ndugu Mzawa, jambo hili linajulikana vizuri, wala si ugonjwa. Mwaka 1999 watafiti Tanya Chartrand na John Bargh, wakiwa Chuo Kikuu cha New York, waliwaketisha watu kufanya kazi ndogo ya kueleza picha pamoja na mtu wasiyemjua, ambaye kwa siri alikuwa ameelekezwa ajipapase uso au atikise mguu. Waliokaa na mwenye kujipapasa walijipapasa zaidi, na waliokaa na mwenye kutikisa mguu walitikisa zaidi, nao hawakujua kwamba wanafanya hivyo. Watafiti hao walilifananisha jambo hilo na kinyonga, ingawa kinyonga wetu, kwa haki yake, habadiliki rangi ili apendwe.

Tafiti zilizofuata ndizo zinazogusa swali lako. Mwaka 2006 Yanélia Yabar na wenzake walionyesha kwamba watu wasio Wakristo waliiga zaidi ishara za mtu waliyeambiwa si Mkristo kama wao kuliko za yule waliyeambiwa ni Mkristo. Mwaka 2008 Patrick Bourgeois na Ursula Hess walipotazama nyuso, walikuta tofauti ambayo mimi huiona ya maana kuliko zote, nayo ni kwamba tabasamu liliigwa hata lilipotoka kwa mtu wa kundi jingine, ilhali uso wa huzuni uliigwa ulipokuwa wa mwenzetu tu. Kurudisha tabasamu hakumgharimu mtu kitu, lakini kuibeba huzuni ya mtu ni kama kuahidi kwamba utamsaidia.

Wala si binadamu peke yake. Matthew Campbell na Frans de Waal waliwaonyesha sokwe 23 nchini Marekani video za sokwe wakipiga miayo, nao walipiga miayo zaidi walipowaona wa kundi lao kuliko walipowaona wageni. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2011, na kila nikiyakumbuka huwawaza sokwe wetu wa kisiwa cha Rubondo. Kwa hiyo usijiite mbaguzi, ila usijione huna hatia kabisa, kwa sababu mteja asiyeigwa huweza kuondoka akihisi amepokelewa kwa ubaridi bila kujua sababu.

Mchuuzi wa Igogo

Mimi naona mnalikuza jambo. Hiyo ni biashara. Muuza dagaa yeyote hapa mjini hubadilisha sauti kulingana na aliye mbele yake, na asipofanya hivyo atalala na mzigo wake. Tena huyo kijana alikwisha kuambiwa atazame nini; mtu aliyetumwa kutafuta jambo hulikuta.

Mwalimu wa Igoma

Kuhusu kijana, nakubali kabisa, na ndiyo maana katika tafiti za namna hii wanaohesabu ishara kwenye video hufichwa kusudi wasijue ni nani alipewa lipi. Kuhusu biashara, upo ushahidi upande wako: mwaka 2003 Rick van Baaren na wenzake walikuta kwamba mhudumu wa mgahawa nchini Uholanzi alipewa bakshishi kubwa zaidi aliporudia agizo la mteja neno kwa neno. Lakini yule mhudumu aliambiwa arudie, na mwenzetu huyu hakuambiwa na mtu.

Mzawa wa Nansio

Shikamoo Mwalimu, na ahsante. Kuna lingine. Mteja mmoja wa mjini alipowahi kuicheka lafudhi yangu ya visiwani, niliisikia ikizidi kuwa nzito badala ya kupungua.

Mwalimu wa Igoma

Marahaba. Hilo ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Mwaka 1977 Richard Bourhis na Howard Giles walieleza kuhusu watu wa Wales waliokuwa wakijifunza lugha yao ya asili, ambao waliposikia mwenye lafudhi ya Kiingereza cha kifahari akiidharau lugha hiyo, waliikoleza lafudhi yao ya Wales. Mtu akitushambulia kundi, tunajitenga naye kwa ulimi. Mwenzetu mwenyewe akitutenga, huwa kinyume: mwaka 2008 Jessica Lakin na wenzake walikuta kwamba wanawake walionyimwa mpira na wanawake wenzao katika mchezo wa kompyuta walimwiga zaidi mwanamke waliyekutana naye baadaye, kuliko walionyimwa na wanaume.

Nakushauri uchunguze pia kama mpaka wako kweli ni kisiwa. Mtu ana makundi mengi, na linaloamua ni lile lililo mbele ya macho saa hiyo.

Mzawa wa Nansio

Narudi na taarifa. Jana aliingia mvuvi kutoka Musoma, ambaye sina naye ukoo wala kijiji, amevaa jezi ya Simba kama niliyokuwa nimeivaa mimi. Alikaa kwenye ndoo akisubiri risiti huku akitikisa mguu. Kijana, ambaye ni Yanga, hakusema neno. Alininyooshea kidole chini ya kaunta, nami nikautazama mguu wangu ukienda sambamba na wa yule mvuvi.