Mrejesho: yule aliyekuwa anaganda kengele ikilia

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule bondia wa Naguru, Kampala, niliyeuliza mbona mazoezini napiga vizuri ila siku ya pambano miguu inakuwa mizito na mikono haitoki. Mzee mmoja humu aliniambia shida ni kichwa, sio ngumi, akasema kila usiku nifumbe macho nilipige pambano lote kichwani, raundi tatu za dakika tatu, mpaka kelele za watu nizisikie, na nijione nimepigwa halafu naendelea. Hapo kwa kupigwa ndo pamenisaidia kuliko yote, maana zamani nilikuwa najiona nashinda tu.

Jumamosi nimepanda ulingoni. Raundi ya kwanza nikala ngumi ya pua, damu ikaingia mdomoni, nikasema moyoni hii naijua, nikashusha pumzi taratibu, nikarudisha jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele. Nimepoteza kwa pointi lakini sikuganda hata sekunde moja! Nchi hii ilimtoa bondia John Mugabi akaleta fedha ya Olimpiki Moscow 1980, nami naitaka njia hiyo. Mzee, asante sana, nimerudi mazoezini Jumatatu.