Maneno ya Kiingereza yanayosifu ubora: yanatumikaje?

Swali: Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Ripoti ya mwanangu inamsifu kwa neno "outstanding", ilhali ankara yangu inasema "outstanding balance". Je, ni neno moja? Na "superb" linafaa katika barua rasmi?

Jibu la kwanza: Neno ni lile lile, ndugu yangu. Asili yake ni kitu kilichochomoza nje ya vingine, ndiyo maana mwanafunzi aliyewapita wenzake na deni lisilolipwa huelezwa kwa neno hilo hilo, na muktadha ndio unaoamua. "Superb" lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya majivuno. Leo ni sifa njema tu, yaani bora sana, ila limejaa shauku, kwa hiyo katika barua rasmi ningechagua "excellent". Tena usitangulize "very" mbele ya "superb". Husemwa "absolutely superb".

Jibu la pili: Nakubaliana na mwenzangu, ingawa sokoni mambo ni mengine. Katika madaraja ya nyama ya ng'ombe ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, "Prime" iko juu ya "Choice", nayo "Choice" iko juu ya "Select", japokuwa yote matatu yanasikika kama sifa. "Premium" ya kwenye pakiti, mara nyingi, ni maneno ya muuzaji tu.