Tumesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, IELTS ya nini tena?

Mtoto wa Ilala (mleta mada)
Wadau, salaam. Nimepata ofa ya shahada ya uzamili Uingereza, ila ina sharti: nipeleke IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, ya alama 6.5, na kusiwe na kipengele chini ya 6. Mimi nimesoma kwa Kiingereza kidato cha kwanza mpaka cha sita, na chuo pia. Karatasi za mitihani ya taifa ya NECTA nilijibu kwa Kiingereza, fizikia na yote. Leo natakiwa kuthibitisha kwamba nakijua, kwa ada inayozidi dola 200, na matokeo yenyewe yanaisha nguvu baada ya miaka 2. Mjamaika hadaiwi kitu. Hii ni haki au biashara?

Sauda wa Chuda
Biashara mchana kweupe. Serikali ya Uingereza ina orodha yake ya nchi zinazosema Kiingereza. Jamaika imo, Guyana imo. Sisi, Kenya na Nigeria hatumo. Vijana wa Nigeria walilipigia kelele sana jambo hili mwaka 2021. Wenye mtihani ni British Council, IDP na Cambridge, unadhani nani atamchinja ng'ombe wakati bado anatoa maziwa?

Mwalimu Mstaafu
Semeni ukweli. Notisi ziko ubaoni kwa Kiingereza, mwalimu anafafanua kwa Kiswahili, mtoto anakariri, anafaulu. Huko ndiko kusoma kwa Kiingereza? Anayelia hapa ni zao la St. Kayumba, shule zetu za serikali. Binti yangu alipita shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, kwenye mtihani aliingia kama anaenda dukani.

Nakuru Finest
Niaje majirani. Mleta mada, kabla hujalipa, andikia ofisi ya udahili. Vyuo vingi vya Uingereza vinakubali gredi ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari Kenya, na vingine vinapokea barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Si vyote, lakini kuuliza ni bure.

Fundi Mbagala
Mwalimu, rudia hapo. Zao la nini? Hao wa Kayumba ndio waliokulipa mshahara mpaka ukastaafu. Mimi nimekaa chini sakafuni darasa la kwanza mpaka la nne, na kwenye kipengele cha kusoma nilipata 8. Binti yako alipata ngapi? Taja.

Mwalimu Mstaafu
Sijamtukana mtu. Kijana amepaniki tu. Na hiyo 8 ni ya kusoma, mbona ya kuandika umeificha?

Fundi Mbagala
Nilipata 6.5 na ilinitosha. Nauliza tena, binti alipata ngapi?

Binti Korogwe
Mkiendelea na ugomvi wenu, wacha nimsaidie mwenye shida. Kaka, mtihani huu haukuulizi kama unajua Kiingereza tu, unakuuliza kama unaweza kukitumia huku saa inakimbia. Kusoma ni maswali 40 kwa dakika 60. Wengi wanaanguka kwenye maswali ya kweli, si kweli na haikutajwa. Mfano, kifungu kinasema makumbusho yalifunguliwa kwa msaada wa wafanyabiashara, swali linasema wafanyabiashara ndio waliotoa fedha nyingi kuliko wote. Akili ya kawaida inakwambia kweli. Jibu ni haikutajwa. Ukianza kutumia busara hapo umekwisha.

Kusikiliza, rekodi inapigwa mara moja tu, na ukikosea herufi umekosa. Kuandika, insha ya maneno 250 ina uzito mara mbili ya maelezo ya grafu, lakini mtu anakaa nusu saa nzima anapamba grafu. Kuongea unapewa kadi, dakika moja ya kujipanga, kisha unaongea mpaka dakika mbili. Usikariri majibu ya tuisheni, mtahini ameshayasikia.

Sauda wa Chuda
Shoga, na lafudhi je? Sisi watu wa Tanga tutafanyaje?

Binti Korogwe
Hawapimi kama unaongea kama mtu wa London, wanapima kama unaeleweka. Kinachomponza mtu ni kubana pua.

Fundi Mbagala
Mwalimu umekimbia? Basi tuulize lingine. Huyo binti wa mchepuo, kidato cha nne Kiswahili alipata nini?

Mwalimu Mstaafu
Alipata D. Na hajafa njaa.

Sauda wa Chuda
Hahahaaa! D ya Kiswahili, baba mwalimu! Shikamoo.

Fundi Mbagala
Nimemaliza. Naomba uzi ufungwe.

Mwalimu Mstaafu
Chekeni. Mnaocheka nyote watoto wenu mmewapeleka wapi? Fundi, wa kwako yuko Kayumba?

Fundi Mbagala
Wangu... mama yake ndiye aliyeamua.

Nakuru Finest
Weuh!

Binti Korogwe
Kwa hiyo na wewe unalipia mchepuo, halafu unamshukia mzee wa watu?

Fundi Mbagala
Dada, kulipa nalipa, kudharau sidharau. Hayo ni mambo mawili.

Mtoto wa Ilala
Jamani, mnisamehe nilikuwa kwenye daladala. Nimesoma yote. Binti Korogwe, ubarikiwe. Ila mmenitia wasiwasi mwingine kabisa, mwanangu anaanza la kwanza Januari na nilishaandikisha shule ya serikali hapa mtaani. Mwalimu, huko alikosoma binti, ada wanapokea kwa awamu?

Mwalimu Mstaafu
Awamu nne. Njoo inbox.